Hadithi za Maua na Ndege, na Kweli Iliyomo Ndani Yake

1. Jinsi hadithi zinavyozaliwa

Mtu asimamaye Tukuyu asubuhi, mawingu yakiisha kupanda, auona mlima Rungwe umeinuka mbele yake, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Mvua ya nchi hii ni nyingi, na udongo wake umetokana na majivu ya milima ya moto ya zamani. Kwa hiyo miti husitawi, maua huchanua, na ndege hupata chakula mwaka mzima. Na penye maua mengi na ndege wengi hapakosi hadithi nyingi.

Watu wa kila taifa, weupe kwa weusi, wamejiuliza maswali yaliyo mamoja. Ua hili lilipata wapi rangi yake? Mbona ndege huyu ana kishungi kichwani, na yule hana? Mbayuwayu huenda wapi wakitoweka? Ni nani aliyepanda maua mahali pasipokaa mtu? Walipokosa wa kuwajibu, walijijibu wenyewe kwa hadithi.

Hadithi ya namna hiyo ina mambo matatu, kama chungu kikaavyo juu ya mafiga matatu. La kwanza ni jambo lililoonwa kwa macho. La pili ni sababu iliyobuniwa ili kulieleza jambo lile. La tatu ni fundisho, yaani neno ambalo wazee walitaka watoto wao walishike. Msomaji mwenye akili huyatenga mambo hayo matatu, kama mama apepetavyo mpunga uliotwangwa, akaweka chenga mahali pake, na makapi mahali pake, na mchele mahali pake. Haifai kuikubali hadithi yote bila kuipima, wala haifai kuitupa yote. Na sasa tutazame hadithi chache, tuone jinsi kazi hiyo ya kupepeta inavyofanywa.

2. Hadithi za maua

Wayunani wa kale walisimulia habari za kijana mmoja, jina lake Narcissus. Alikuwa mzuri wa uso, lakini alimdharau kila mtu aliyempenda. Siku moja aliinama kisimani ili anywe maji, akaona sura yake ndani yake, naye hakujua kuwa ni yake mwenyewe. Akaipenda sura ile, akakaa palepale akiitazama, hali wala hanywi, hata akafa. Mahali alipofia pakaota ua, nalo likaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Haya, tupepete. Jambo lililoonwa ni kwamba ua lile huinamisha kichwa, kama mtu anayejitazama majini. Sababu iliyobuniwa ni kijana kugeuka ua. Fundisho ni kwamba mtu anayejipenda nafsi yake tu hujiangamiza. Hakuna mtu leo anayesadiki kwamba kijana aligeuka ua. Lakini fundisho lile lingali na nguvu, na aliyeliangalia ua lile mara ya kwanza alikuwa na macho makali.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uyunani kutafuta maua yenye habari. Mashariki ya mlima Rungwe uko uwanda wa juu uitwao Kitulo, wenye kimo cha karibu mita 2,600. Huko baridi ni kali, na katika miezi ya kipupwe jalidi huanguka usiku. Miti ni michache, majani ndiyo mengi. Mvua zikiisha kuanza, tangu Desemba hata Aprili, uwanda wote hugeuka rangi: manjano, nyeupe, nyekundu na zambarau. Aina za okidi peke yake ni kama 45. Wenyeji, walipoona maua mengi hivyo mahali pasipolimwa na mtu, waliita mahali pale Bustani ya Mungu.

Jina hilo nalo ni hadithi fupi, ya maneno matatu tu. Jambo lililoonwa ni kweli tupu: bustani ile haikupandwa na mkono wa mtu. Nao wenye elimu ya mimea wameeleza namna inavyojipanda. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, nazo hupeperushwa na upepo mbali sana. Mbegu hiyo haina akiba ya chakula ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuota mpaka ikutane udongoni na aina fulani ya kuvu iilishayo. Ikiisha kuota, okidi nyingi za Kitulo huweka akiba katika kiazi kidogo chini ya udongo. Baridi na ukame vikija, majani hufa, ila kiazi hulala salama; na mvua zikirudi, ua huchomoza tena. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya maua yake.

3. Hadithi za ndege

Katika sehemu nyingi za Afrika watu humwogopa fundichuma. Ndege huyu ni wa rangi ya hudhurungi, mwenye kishungi kinachoelekea nyuma, hata kichwa chake chafanana na nyundo. Watu hunena kwamba ndiye mfalme wa ndege, na kwamba ndege wengine humjengea nyumba kama watumishi. Tena hunena kwamba mtu akimvunjia nyumba yake atapigwa na radi.

Mtu akiitazama nyumba yenyewe ataelewa kwa nini hadithi hii ilizaliwa. Fundichuma hajipimii kwa mwili wake. Hukusanya vijiti maelfu, nyasi na matope, akajenga tundu kubwa lenye upana wa mita moja na nusu au zaidi, lililoezekwa juu, na mlango mdogo upande wa chini. Mtu mzima akisimama juu yake, mara nyingi halivunjiki. Tena ni kweli kwamba ndege wengine huonekana pale. Bundi, mabata, nyuki, hata nyoka hukaa ndani ya tundu hilo, mara nyingine baada ya mwenyewe kulihama, na mara nyingine kwa kumfukuza. Aliyetunga hadithi aliwaona wageni hao, akadhani ni watumishi wa mfalme. Macho yake hayakukosa. Sababu aliyoibuni ndiyo iliyokosa. Fundichuma hujenga mwenyewe, mume na mke pamoja.

Hadithi ya pili ni ya hudihudi, ndege mwenye kishungi kipana kama taji. Hadithi hii imesimuliwa tangu zamani katika nchi za Mashariki. Husema kwamba mfalme Sulemani alisafiri jangwani, na jua likamchoma sana. Kundi la hudihudi likaruka juu yake, mabawa kwa mabawa, likamtia kivuli hata akafika. Mfalme akawaambia, "Ombeni mtakalo." Wakashauriana, wakaomba taji za dhahabu. Mfalme akasikitika kwa ajili ya upumbavu wao, lakini akawapa. Hudihudi wakafurahi, wakajitazama katika kila dimbwi la maji. Muda si mwingi wawindaji wakaijua thamani ya taji zile. Wakatega mitego na kurusha mishale, hata hudihudi wakawa karibu kwisha. Waliosalia wakamrudia mfalme wakilia. Sulemani akaziondoa taji za dhahabu, akawapa taji za manyoya; na tangu siku ile wakaishi kwa amani.

Hapa sababu imebuniwa yote, kwa maana kishungi cha hudihudi ni manyoya tangu asili. Hukikunjua atuapo au ashtukapo. Lakini fundisho lake tulikumbuke, kwa sababu tutalihitaji kabla ya kumaliza somo hili: kiumbe chenye kitu kinachouzwa hakina usalama.

4. Wenye elimu waliosadiki hadithi

Pengine mtu atafikiri kwamba hadithi zisizopimwa ni za watu wasiosoma tu. Sivyo. Katika Ulaya mbayuwayu na korongo weupe huonekana wakati wa joto, na wakati wa baridi hutoweka wote. Watu waliuliza: Huenda wapi? Aristotle, mwenye hekima mkubwa wa Uyunani, aliandika kwamba mbayuwayu wengine hujificha katika mashimo, na kwamba namna fulani ya ndege hugeuka kuwa namna nyingine majira yakibadilika.

Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Sweden aliyekuwa akikaa Roma, alitoa kitabu kikubwa cha habari za nchi za kaskazini. Humo aliandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa wakati wa baridi. Tena kitabuni mlikuwa na picha iliyochongwa katika ubao na kupigwa chapa: wavuvi wanavuta juya, na ndani ya juya wamo samaki pamoja na mbayuwayu. Mtu akiiona picha, husadiki upesi kuliko akisikia neno tu. Kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi wengi waliendelea kusadiki, na wengine wao walikuwa mabingwa wa elimu.

Ni nani aliyewaonyesha kweli? Kwa sehemu, ni mtu wa Afrika ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo mweupe. Watu walipomwokota walishangaa sana, maana shingoni mwake ulikuwa umechoma mkuki mrefu kama sentimita 80, na mti wa mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Mwindaji wa Afrika alikuwa amemchoma, naye korongo hakufa; akaruka na mkuki wake maelfu ya kilomita mpaka Ulaya. Mkuki ule ulikuwa kama barua. Ulionyesha kwamba korongo hawalali matopeni, huja kwetu. Korongo yule amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock hata leo.

Habari za mbayuwayu zilihakikishwa baadaye. Mwezi wa Mei mwaka 1911, katika Uingereza, mbayuwayu mmoja alivishwa mguuni kipete chenye namba. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, na kipete chake mguuni. Basi mbayuwayu waonekanao juu ya mashamba ya chai na migomba ya Rungwe tangu Oktoba hata Machi, wengi wao wametoka ng'ambo. Tena wako mbayuwayu wa buluu wanaozalia uwanda wa Kitulo wakati wa mvua, kisha huondoka kwenda pande za Uganda na nchi jirani zake. Yule wa Ulaya aliyesema "wamelala chini ya maji" angeweza kumwuliza mtoto mchungaji wa Afrika, naye angemwambia, "Wako hapa, wanakula inzi juu ya ng'ombe wetu."

5. Wazee waliosema kweli

Sasa tugeuze upande wa pili. Kama wako wenye elimu waliosadiki hadithi wakaidhani kweli, wako pia wazee waliosema kweli ikadhaniwa hadithi. Na jambo hilo limetokea papa hapa Rungwe.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani mmoja wa msituni, mwoga sana, akaaye juu ya miti mirefu. Jina lake walimwita kipunji. Wachunguzi wa wanyama waliofika Rungwe walisikia jina hilo, lakini walisita. Walijua kwamba masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa namna mbili: wanyama wa kweli, na wanyama wa mizimu wasioonekana kwa macho. Je, kipunji ni wa namna gani? Haikujulikana.

Mwaka 2003, katika miteremko ya mlima Rungwe, wachunguzi wale walimwona. Mwaka 2004 wachunguzi wengine, wasiojua habari za wenzao, walimwona katika msitu wa Ndundulu, mbali sana upande wa milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa kwa ulimwengu. Ana manyoya marefu ya rangi ya hudhurungi, kishungi kilichosimama kichwani, tumbo jeupe, na mlio mkubwa usiofanana na wa nyani wengine. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa mmoja aliyekutwa amekufa mtegoni shambani, ilionekana kwamba hana jamii iliyokwisha kupewa jina. Akapewa jamii yake peke yake, nayo ikaitwa Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Tangu mwaka 1923 haikuwa imepatikana jamii mpya ya nyani katika Afrika nzima.

Waswahili husema, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo, laja." Wazee wa Rungwe walikuwa na jina la kipunji vinywani mwao kabla halijaandikwa katika kitabu chochote. Lakini angalia jambo jingine. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kipunji 1,117 tu. Mnyama aliyefichwa na msitu siku zote, alipojulikana alikuwa karibu kwisha, kwa sababu msitu wenyewe ulikuwa umekatwa vipande vipande. Mwaka 2009 msitu wa mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia.

6. Picha na vyungu

Mmeona jinsi picha ya mwaka 1555 ilivyoupa uongo nguvu. Lakini picha yaweza kuwa shahidi wa kweli pia. Kipunji alipotangazwa mwaka 2005, hapakuwa na mzoga wala ngozi ya kuonyesha. Wachunguzi hawakutaka kumwua mnyama adimu hivyo. Walionyesha picha zilizopigwa kwa kamera, nazo zikakubaliwa. Kwa hiyo mtu akiona picha yoyote aulize: Aliyeifanya aliona kwa macho yake, au alisikia tu?

Ziko pia kazi za mikono zinazohifadhi mambo ya zamani bila maandishi. Kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, karibu na Matema na Ikombe, wanakaa Wakisi. Siku hizi huko ni wilaya ya Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe. Wanawake wa Wakisi ni wafinyanzi hodari. Hawatumii gurudumu, hufinyanga kwa mikono, husugua chungu hata kiwe laini, hukitia rangi nyekundu na alama nyeupe, kisha hukichoma motoni. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa sokoni. Binti hujifunza kwa kuutazama mkono wa mama yake, na mama alijifunza kwa mama yake. Binti mmoja akikataa kujifunza hapana hasara kubwa; wakikataa wote, kazi ile imekufa, wala hakuna kitabu kitakachoifufua. Hadithi nazo ni vivyo hivyo.

7. Hadithi kama ua wa kulinda

Wazee wa Kinyakyusa walisimulia kwamba zamani za kale wakuu walitoka milima ya Ukinga, wakaleta moto, ng'ombe na chuma. Mmoja wao aliitwa Lwembe, na mahali pake palikuwa Lubaga. Pale palikuwa na msitu mtakatifu, na makuhani wa Ukinga walishuka na zawadi ili kutambika pamoja na wenzao. Monica Wilson, aliyekaa Rungwe pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1959. Misitu midogo ya namna hiyo ilikuwako mahali pengi walipozikwa wakuu. Watu waliogopa kukata mti humo, na kwa ajili ya hofu ile miti mikubwa ilisimama, na ndege wakapata mahali pa kuzalia.

Siku hizi hofu hiyo imepungua. Je, kitu gani kimewekwa badala yake? Hapo ndipo tulikumbuke fundisho la hudihudi. Okidi za nyanda za juu zina kiazi chini ya udongo, na kiazi hicho huliwa katika Zambia, hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Kwa ajili ya biashara hiyo, viazi mamilioni vilichimbwa kila mwaka mwanzoni mwa karne hii katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Achumaye ua huacha kiazi. Achimbaye kiazi haachi kitu, maana akiba yote ya mmea imo humo. Kiazi kile ndicho taji la dhahabu la okidi, wala hakuna Sulemani wa kuligeuza manyoya. Aliyebaki ni mtu mwenyewe, ambaye aweza kuzuia mkono wake. Sheria ya hifadhi ipo. Lakini sheria hukaa mbali, na jembe hukaa karibu.

Basi, mwanafunzi, kabla wazee wako hawajalala usingizi wa mwisho, waulize habari za ndege na maua ya kijiji chako. Shikamoo ya heshima hufungua vinywa vingi. Andika majina yote kwa lugha yao, kama wanavyoyataja. Kisha nenda ukatazame mwenyewe: ndege yule hula nini, hujenga wapi, huja mwezi gani? Pengine utaona kwamba sababu waliyokuambia haikubaliki. Hata hivyo utakuta kwamba jambo waliloliona ni la kweli, na pengine halijaandikwa na mtu yeyote. Jina la kipunji lilikuwa hivyo hivyo. Lakini ua likiisha kung'olewa na ndege wakiisha kuhama, hutakuwa na kitu cha kutazama, wala hutajua kama wazee walisema kweli.

Maswali

1. Taja mambo matatu yaliyomo katika hadithi, ukayaonyeshe katika hadithi ya fundichuma.
2. Mkuki wa mwaka 1822 uliwafundisha nini watu wa Ulaya?
3. Kwa nini wachunguzi walisita waliposikia jina la kipunji?
4. Kuna tofauti gani kati ya kuchuma ua la okidi na kuchimba kiazi chake?
5. Andika hadithi moja ya ndege au ua uliyosimuliwa nyumbani. Kisha eleza ni jambo gani katika hadithi hiyo unaloweza kwenda kulitazama kwa macho yako.